Bolti za Bodi ya Motakaa

Katika nchi ya Ufipa kazi ya chuma si jambo geni. Zamani, kabla ya majembe ya ng'ambo kujaa madukani, wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru za udongo zilizoitwa malungu, ndefu kuliko kimo cha mtu mzima. Tanuru hizo hazikuvukutwa. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, ukapanda juu kama moshi upandavyo katika dohani, na moto ukawaka kwa nguvu. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru ndogo yenye mivukuto, kisha kikafuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki. Mabaki ya malungu yangali yakionekana mahali pengi juu ya uwanda, na mtoto achungaye ng'ombe huweza kujikwaa katika mavi ya chuma yaliyoachwa hapo.

Mtu akilitazama shoka la mhunzi ataona jambo la werevu. Shoka lina mkia mwembamba, nao umepenyezwa katika tundu lililotobolewa kwenye kichwa cha mpini. Hapana msumari, wala hapana gundi. Kila mkata kuni apigapo, mkia huzidi kuingia na kushika. Na shoka likitaka kunolewa, mkia hugongwa kwa nyuma, shoka likatoka, kisha likarudishwa mahali pake. Kifungo hicho hushika wakati wa kazi, tena hukubali kufunguliwa wakati wa haja.

Motakaa nayo ni mali ya chuma, lakini desturi yake ni kinyume. Shoka hukazwa na kazi yake. Motakaa hulegezwa na kazi yake. Kila shimo la njia, kila jiwe, kila mtikiso wa injini huivuta bolti kidogo kidogo upande wa kufunguka. Mwenye gari asiyekagua bolti zake atapoteza mojawapo siku moja, na siku hiyo lazima atafute nyingine ya kutia mahali pake. Watu wengi huona kuwa hiyo ni kazi ndogo isiyohitaji akili. Wamekosea, kama itakavyoonekana.

Wengi hudhani pia kuwa bodi ya gari ni kitu kimoja, kama chungu kilivyo kitu kimoja. Sivyo. Paa na nguzo zake kwa kawaida zimeungwa kwa moto, wala hazitoki ila kwa kukatwa. Lakini boneti ifunikayo injini, madigadi yaliyo juu ya magurudumu ya mbele, milango, bampa, na sahani iliyo chini ya injini ili kuzuia tope, vyote hufungwa kwa namna ya kufunguliwa. Fundi apaswa kupata njia ya kufikia vyombo vilivyo ndani. Tena gari likigonga mti au ng'ombe, kipande kilichopondeka hutolewa peke yake na kingine kikatiwa, pasipo kuharibu bodi nzima.

Gari moja lililojulikana sana Afrika ya Mashariki kwa sifa hiyo ni Land Rover. Lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maonyesho ya motakaa ya Amsterdam, mwezi wa Aprili, 1948. Wakati huo, baada ya Vita Kuu ya Pili, feleji ilikuwa adimu katika Uingereza, kwa hiyo bodi yake ilifanywa kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine kidogo, nayo madigadi yake ya mbele yalifungwa kwa bolti. Fundi mwenye spana chache aliweza kuyavua chini ya mwembe. Magari hayo ya zamani yana taabu yake pia, ambayo itaelezwa mbele.

Matai ni makao makuu ya wilaya ya Kalambo, katika mkoa wa Rukwa. Barabara itokayo Sumbawanga hupita hapo kuelekea bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 112 hivi kwa jumla, nayo imetiwa lami. Njia nyingine huelekea Kasesya, mpakani mwa Zambia. Lakini mahindi na maharage hayaoti kando ya lami. Hutoka vijijini, na njia nyingi za vijijini ni za udongo. Masika zina utelezi na makorongo. Kiangazi zina matuta madogo yaliyopangana kama mikunjo ya bati la paa. Gari lipitapo juu ya matuta hayo hutetemeka mpaka meno ya abiria yagongane. Hapo ndipo bolti hudondoka bila mtu kusikia.

Mfano wake ni huu. Dereva wa gari dogo la mizigo anarudi Matai jioni kutoka vijijini, naye anaona boneti inacheza upande wa kushoto. Anashuka, anaifungua, anatazama bawaba. Bawaba hiyo yapaswa kushikwa na boneti kwa bolti mbili; moja haipo, na ya pili imelegea. Anafunga kwa waya, na asubuhi yake anafika kwa fundi.

"Shikamoo, fundi," asema. "Nitilie bolti yo yote hapa. Mahindi ya watu yananingoja."

"Marahaba. Umekwendaje na boneti kama hii?"

"Nilikwenda polepole."

Neno lile "yo yote" ndilo neno la hatari. Boneti ikiachwa na bawaba moja na komeo tu, hujipinda kila gari liendapo kwa kasi. Komeo likichoka, upepo wa mwendo huinyanyua boneti yote, ikapiga kioo cha mbele, na dereva asione kitu cho chote. Barabarani asubuhi kuna watoto waendao shule, na wanawake waendao sokoni, na pikipiki. Gari lisiloonewa njia kwa muda wa pumzi tatu, likiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, huweza kupita mita 100 bila macho.

Kila fundi ana kopo lake la bolti. Kopo hilo hujaa polepole kwa miaka mingi, na ndani yake mna bolti ya lori la Kiingereza la zamani, na ya trekta, na ya Toyota, na ya kitanda cha chuma, zimelala pamoja kama wasafiri wa lugha mbalimbali katika nyumba moja ya wageni. Mwanagenzi wa fundi anaingiza mkono, anatoa moja iliyo sawa kwa unene, anaitia tunduni. Inaingia zamu moja, inaingia ya pili, kisha inakuwa nzito. Mwanagenzi anadhani ni kutu. Anachukua spana, anavuta kwa nguvu. Bolti inakwenda kwa mlio wa kukwaruza, kisha kwa ghafula inakuwa nyepesi, nayo inazunguka bure. Hapo kazi imekwisha kuharibika.

Ili kujua lililotokea, yafaa kujua kwanza habari za meno. Bolti ina mfereji uuzungukao mwili wake kama njia izungukavyo mlima, na ukingo ulioachwa kati ya mfereji na mfereji ndio uitwao jino. Nati nayo ina meno kwa ndani. Meno ya bolti hupita katika mabonde ya nati, na meno ya nati katika mabonde ya bolti. Zikipatana, kidole kimoja chatosha kuzizungusha.

Zamani kila karakana ya Ulaya ilikata meno kwa kipimo chake yenyewe, na nati ya karakana moja mara nyingi haikuingia katika bolti ya karakana nyingine. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, fundi mkuu wa Uingereza, alishauri kipimo kimoja kwa wote: pembe ya jino iwe digrii 55, na kila unene wa bolti uwe na hesabu yake ya meno katika inchi moja. Mwaka 1864 William Sellers wa Marekani akaleta shauri lake, pembe ya digrii 60. Mataifa hayo mawili yakashika kila moja njia yake, hata walipopigana vita upande mmoja, bolti za huyu hazikufaa katika mitambo ya yule. Ndipo mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipopatana kuwa na meno ya namna moja, kwa kipimo cha inchi. Nchi nyingi za Ulaya zilikuwa zimezoea milimita, na Japani vilevile hutumia milimita. Na magari mengi yanayoonekana Tanzania siku hizi yametoka Japani. Basi mapatano yale ya 1948 hayakulisafisha kopo la fundi wa Matai.

Sasa itazamwe bolti ya mwanagenzi. Gari lilitaka bolti ya milimita 8. Yeye alitia ya inchi 5/16, ambayo unene wake ni milimita 7.94. Kwa macho hapana awezaye kuzitofautisha. Lakini ile ya milimita 8, katika meno yake ya kawaida, ina milimita 1.25 toka jino hadi jino. Na ile ya inchi, yenye meno 18 katika inchi, ina milimita 1.41. Tofauti ni kama unywele. Zamu ya kwanza haisikiki. Lakini tofauti hujikusanya kila zamu, kama deni, na katika zamu ya tano yafika milimita 0.8, zaidi ya nusu ya jino. Jino la bolti halikuti tena bonde, bali hukuta jino mwenziwe. Mmoja wao lazima akatike.

Na nati iliyokatwa haikuwa ya kuokotwa na kutupwa. Boneti ni bati mbili, la nje na la ndani, na nati ya bawaba imeungwa kwa moto kati ya bati hizo, mahali pasipoingia mkono. Meno yake yakikatika, au kiungo chake kikiachia nayo ikazunguka ovyo, fundi hana budi kutoboa bati la ndani, kutia nati nyingine, kuiunga, na kupaka rangi. Bolti iliyotolewa bure koponi imegharimu kazi ya siku nzima, na mahindi bado yanangoja.

Fundi hana haja ya kupiga kelele. "Mwanangu," asema, "vidole kwanza, spana baadaye. Bolti isiyokwenda kwa vidole zamu tatu au nne si yake, au tundu lina uchafu. Itoe, utazame."

Basi namna ya kuichagua ni hii. Bolti iliyopotea haipo, lakini ina ndugu zake. Bawaba ya kushoto ina bolti ya pili, na bawaba ya kulia ina mbili zilizo sawasawa nazo. Fundi hutoa moja katika hizo, huisafisha kwa brashi na mafuta ya taa, na hiyo ndiyo shahidi wake. Kisha huchukua bolti anayoidhania, huzilaza mbili hizo ubavu kwa ubavu, meno ndani ya meno, na kuziinua mbele ya mwanga wa mlango. Meno yakilaliana toka mwanzo hadi mwisho pasipo mwanga kupenya, kipimo ni kimoja. Mwanga ukionekana mahali fulani, hata kama ni uzi tu, hazipatani. Jaribio hili halitaki chombo cha thamani, na mtoto wa darasa la tano aweza kulifanya kwa bolti mbili zo zote za baiskeli.

Watu hupenda kupima kwa kichwa. Husema, "Hii ni ya spana 12, kwa hiyo ni sawa." Kichwa si shahidi wa kuaminiwa. Bolti ya milimita 8 katika magari ya Kijapani mara nyingi ina kichwa cha spana 12, na bolti ya unene huo huo itokayo Ulaya ina cha 13. Tena bolti ya milimita 10 yaweza kuwa na meno ya milimita 1.25 au 1.5, na vichwa vyake vikafanana.

Baada ya meno huja urefu. Bolti fupi mno hushika meno mawili au matatu tu ya nati, na mtikiso huyang'oa. Desturi njema ni meno ya bolti yajaze unene wote wa nati. Lakini bolti ndefu nayo ina ubaya wake, na ubaya huo husahauliwa kwa kuwa watu hudhani kuwa kirefu ndicho chenye nguvu. Katika boneti, bolti ndefu hupita nati ikafikia bati la nje, na fundi akiendelea kukaza, uvimbe hutokea juu ya rangi kama jipu. Katika digadi, ncha ndefu huweza kutokeza upande wa gurudumu na kuchana mpira wakati gari limebeba mzigo na springi zimeshuka. Mahali pengine nyuma ya bati hupita nyaya za taa. Kwa hiyo fundi hupima kina cha tundu kwa kijiti kabla ya kutia bolti ngeni.

Kichwa kisidharauliwe, ingawa si shahidi wa meno. Matundu ya madigadi na bawaba mara nyingi ni mapana au marefu kidogo kuliko bolti, kwa makusudi, ili fundi aweze kusogeza kipande mpaka nafasi kati ya boneti na digadi iwe sawa pande zote. Bolti yenye kichwa kidogo hupenya tundu hilo, au huling'ang'ania kwa ukingo mwembamba tu, ikalipasua. Dawa yake ni bolti yenye sahani pana iliyofuliwa pamoja na kichwa, kama zile za asili, au kipete cha bati kiitwacho washa, kipana. Katika bampa la plastiki jambo hili ni kubwa zaidi, maana plastiki haivumilii kubanwa mahali padogo; hupasuka kama kibuyu.

Sasa nguvu. Juu ya kichwa cha bolti njema ya milimita pana tarakimu mbili zenye nukta kati yao, kama 4.6, 8.8 au 10.9. Wengi huziona wasijue maana yake. Tarakimu ya kwanza, ikizidishwa kwa 100, ni nguvu iwezayo kuikata kila milimita moja ya mraba ya chuma hicho, kwa kipimo cha nyutoni. Ya pili huonyesha ni sehemu ngapi katika kumi za nguvu hiyo bolti yaweza kuvumilia kabla ya kunyooka isirudi. Kwa lugha ya magunia, bolti ya milimita 8 yenye alama 8.8, ikivutwa moja kwa moja, haikatiki mpaka ibebe uzito upatao magunia 30 ya mahindi ya kilo 100. Yenye alama 4.6 hukatika kwa magunia 15. Bolti za vitanda na milango mara nyingi hazina alama yo yote, na mtu hawezi kujua. Bawaba za boneti na za milango zitiwe bolti yenye alama ile ile iliyokuwamo, au iliyoizidi. Kibati kishikacho taa au ubao wa namba hakihitaji bolti ya 10.9, ila haidhuru ikiwamo. Lidhurulo ni mkono unaoikaza kwa nguvu ya magunia 30 juu ya bati lisiloweza kubeba hata moja.

Iliahidiwa kuelezwa taabu ya Land Rover za zamani. Alumini ndiyo ile ile ya sufuria. Haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo watu huiamini. Lakini madini mawili yasiyofanana yakigusana, na maji yakaingia kati yao, hufanya kazi kama betri ndogo: nguvu ya umeme hupita toka moja hadi jingine, na moja kati yake huliwa. Alumini ikigusana na feleji, alumini ndiyo iliwayo. Huwa unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, rangi huvimba, na mwisho tundu hupanuka hata bolti ikaanguka ingali nzima. Maji yenye chumvi huongeza kasi ya jambo hilo, na gari lichukualo samaki wa chumvi kutoka ziwani huliona mapema kuliko lichukualo mahindi. Bolti ya shaba ni mbaya zaidi kuliko ya feleji.

Hapa fundi kijana hudanganyika kwa urahisi. Huona bolti za chuma kisichoshika kutu, zing'aazo kama fedha, ghali kuliko nyingine, naye hudhani kuwa ndizo dawa. Bolti hiyo haitaliwa, ni kweli. Lakini bati la alumini litaendelea kuliwa kando yake, na mwenye gari atabaki na bolti nzuri katika tundu bovu. Tena bolti hizo, za namna ya kawaida, nguvu yake ni chini ya ile ya 8.8. Afadhali bolti ya feleji iliyopakwa zinki, kwa sababu zinki huwa karibu zaidi na alumini katika ugomvi huu, pamoja na washa ya plastiki kati ya kichwa na bati, na grisi katika meno. Grisi huzuia maji, na pasipo maji betri ile haifanyi kazi.

Magari ya siku hizi yana kifungo kingine, nacho ni klipu ya plastiki. Umbo lake ni kama uyoga wenye miguu iliyopasuliwa: miguu husukumwa tunduni, kisha msumari wa kati husukumwa ili uitanue. Klipu hushika sahani za chini, vifuniko vya ndani ya madigadi, na sehemu za bampa. Hapa hakuna meno ya kulinganisha. Fundi hupima upana wa tundu, unene wa vitu viwili vitakavyobanwa pamoja, na upana wa kichwa. Klipu ya tundu la milimita 7 ikitiwa katika tundu la milimita 8 itakaa vizuri gerejini na kuanguka kabla ya kijiji cha kwanza. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Ufipa ikiwa kali, plastiki ya zamani huvunjika upesi. Anayezitoa na angoje jua, au azimwagie maji ya moto kidogo.

Klipu zikikosekana, wengi hutia skurubu ya mbao. Mahali pa wazi skurubu hiyo yaweza kusaidia mpaka gari lifike Sumbawanga kwenye duka la spea. Lakini ncha yake ni kali, na nyuma ya sahani ya mbele huwa karibu pana rejeta, na kando ya digadi pana nyaya. Waya wa kufungia, ambao mafundi wakubwa huudharau, mara nyingine ni bora kuliko skurubu, kwa kuwa haudanganyi: kila mtu huuona na kujua kuwa kazi haijakwisha. Na ribiti isitumike kamwe mahali patakapohitaji kufunguliwa tena. Hushika sana, lakini haitoki ila kwa keekee, na kila inapotolewa tundu huzidi kupanuka.

Limebaki lile jambo la kulegea. Chini ya kichwa cha bolti huweza kutiwa washa iliyokatwa na kupindwa kama springi. Mahali penye nati ya kushikwa kwa mkono, hutumika nati yenye pete ya nailoni ndani yake. Nailoni huyabana meno, na nati haigeuki kwa mtikiso tu. Nati hiyo ikifunguliwa mara nyingi pete huchakaa. Ikipita yote kwa vidole bila uzito, iwekwe kando.

Basi yule fundi wa Matai, baada ya kuunga nati mpya ndani ya boneti na kuipaka rangi, anatia bolti mbili za milimita 8 zenye alama 8.8, zenye sahani pana. Mwanagenzi anaziingiza kwa vidole mpaka zinapogusa bati. Wanafunga boneti polepole, wanatazama nafasi zake pande zote mbili, wanaifungua, wanaisogeza kidogo, kisha ndipo spana inapokaza. Mwisho fundi anachovya kijiti katika rangi nyeupe, anavuta mstari mmoja mwembamba kutoka juu ya kichwa cha kila bolti mpaka juu ya bawaba.

"Ukirudi kesho, fungua boneti utazame," amwambia dereva. "Mstari ukiwa umekatika, bolti imegeuka; njoo niikaze."

Kesho yake jioni, gari likiwa limejaa vumbi, dereva anafungua boneti na kufuta bawaba kwa kidole gumba. Mistari yote miwili ingali imenyooka.